Kapu Lisilotoa Moshi

Baba alipopunguzwa kazi, nyumbani kwetu Lurambi hakuna aliyeweza tena kukaa kitako. Yeye mwenyewe alizunguka boma kama mtu aliyepoteza ufunguo. Aligonga misumari iliyokwisha kugongwa, akakagua mabati yasiyovuja, akafungua redio kuitazama tumboni, kisha akaifunga ikiwa imepungua skrubu moja. Mama akawa anafagia uwanja mara tatu kwa siku. Wadogo zangu wawili wakagombana hata juu ya nani aanze kunawa. Nami, ambaye tangu utotoni nilikuwa nikiambiwa nimezaliwa na siafu miguuni, nikawa sifai kabisa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati wafanyakazi wa serikali walipokuwa wakipunguzwa kila mahali. Baba alikuwa karani katika ofisi moja mjini Kakamega. Alipewa barua na fedha kidogo za kuagwa, akarudi nyumbani kwa miguu saa nne asubuhi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, tulikuwa tumefunga shule, na masikio yangu hayakuwahi kupitwa na neno. Kwa hiyo ilibidi niambiwe, na nikishaambiwa nikaapishwa. Hakuna mtu wa ukoo aliyepaswa kujua, na zaidi ya wote Kukhu asijue.

Kukhu ni nyanya, na huyu alikuwa mama mzazi wa baba. Aliishi ng'ambo ya kijito, kwenye mwinuko uliotazamana na wetu, na mlango wake ulielekea mlango wetu moja kwa moja. Alikuwa na wana watatu. Wa kwanza alilima miwa upande wa Mumias. Wa mwisho alikuwa akisoma ufundi Sigalagala, na karo yake ilikuwa ikitoka katika mshahara wa baba. Baba alikuwa wa katikati, naye ndiye mtu wa ofisi. Kanisani, wakati wa kutoa shukrani, Kukhu alisimama kila mwezi na kumshukuru Mungu kwa ajili ya hiyo ofisi, mpaka nikadhani ofisi nayo ilibatizwa.

"Nitapata kazi nyingine kabla hajajua," baba alisema. Kukhu akaambiwa kwamba serikali imempa mwanawe likizo ndefu kwa kazi nzuri aliyofanya. Akafurahi sana. Zile fedha za kuagwa zikaenda Sigalagala karibu zote, ili baba mdogo asifukuzwe na siri isitoboke. Sisi tuliobaki tukaanza kujibana.

Nitasema ukweli: nilimkasirikia baba, na sehemu ya hasira hiyo bado ninayo. Siyo kwa kukosa kazi, maana hilo halikuwa kosa lake. Nilimkasirikia kwa sababu alificha shida yake nyuma ya mama, na mama ndiye aliyetakiwa kuifanya nyumba ionekane ya mtu mwenye mshahara.

Baba naye alijitia kwenye mambo ya kubana matumizi. Alichukua wembe akaanza kupasua njiti za kiberiti ziwe mbili mbili. Siku ya kwanza alipasua njiti saba, akajikata kidole, tukamwaga mafuta ya taa ya usiku mzima kumsafishia jeraha. Akakataza taa kuwashwa kabla ya kuona nyota. Akakata tyubu ya dawa ya meno kwa mkasi ili tusugue ukuta wa ndani. Kila alipobuni jambo, alitembea chumba kizima akilieleza, na kila mara tulipata hasara kidogo.

Mama hakueleza kitu. Alinunua sabuni ya mche, akaikata vipande kwa uzi, akavipanga juu ya dari la jikoni vikauke mpaka vikawa vigumu kama mawe, maana sabuni mbichi huisha kwa kutazamwa tu. Aliacha sukari ya dukani, tukawa tunakunywa chai kwa sukari nguru, na majani ya chai yalichemshwa mara ya pili na ya tatu. Alichoma maganda ya maharagwe, akatia jivu lake kwenye mkebe uliotobolewa chini, akalimwagia maji. Yaliyochuruzika yalilainisha kunde na mrenda kwa muda mfupi, na kuni zikabaki.

Kuni ndizo zilizomnyima usingizi. Msitu haukuwa mbali, lakini walinzi wake nao hawakuwa mbali, na mzigo wa kuni njiani ulikuwa ukipanda bei kila wiki. Ndipo mama akaenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, akarudi akitembea haraka, amebeba kapu kubwa lenye mfuniko.

"Hili ndilo jiko," akasema.

Baba akalizunguka mara mbili. "Linawashwa wapi?"

"Haliwashwi."

Alilitandika ndani majani makavu ya mgomba, akaweka blanketi kuukuu na gunia, akashona mto wa kufunikia uliojaa majani hayo hayo. Namna yake ilikuwa rahisi. Unachemsha maharagwe kidogo tu, sufuria ikiwa bado inatokota unaitia kapuni, unaifunika kwa mto, unafunga, na unaondoka. Joto lililomo ndani humalizia kazi. Sharti lilikuwa moja: usifungue. Ukifungua kutazama, joto limekwenda, na kuni zako umezitupa.

Kumwambia mtu kama mimi asifungue ni kumwambia afungue. Siku ile ya kwanza mama alikwenda shambani, akaniachia nyumba. Nilisoma ukurasa mmoja wa kitabu, nikainuka, nikagusa kapu. Nikakaa. Nikainuka tena, nikainamisha sikio nisikie kama maharagwe yanasema kitu. Hatimaye nilifungua, kidogo tu, nikafunga. Kisha nikafungua tena kuona kama kule kufungua kumeharibu. Jioni tulikula maharagwe yaliyolia menoni kama kokoto, na mdogo wangu wa mwisho alishika tumbo hadi asubuhi. Mama hakuuliza nani. Aliniangalia mimi moja kwa moja, akanikabidhi jembe, na wiki nzima nililima kipande chake cha viazi peke yangu.

Baada ya hapo kapu lilifanya kazi yake. Mama aliwasha moto mara moja tu kwa siku, asubuhi na mapema, wakati ukungu wa kijito ungali umefunika kila kitu. Kwa moto huo mmoja alipika uji, akachemsha maharagwe au mboga, akasonga obusuma, yaani ugali wetu, na kuufunga kwa majani ya mgomba, kisha vyote vikaingia kapuni. Jioni tulifungua tukala. Baba alilalamika kwamba obusuma uliolala kapuni haushikani mkononi, lakini alikula akamaliza. Mzigo mmoja wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku nne ukawa unafika wiki mbili. Kwa mara ya kwanza tangu ile barua, nilimwona mama ameketi jioni, mikono imelala mapajani.

Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria moshi.

Kwetu jioni, jua linapoelekea kuzama, kila jiko hutoa moshi, na wazee huutazama kama vile wengine wanavyotazama saa. Jiko lisilotoa moshi jioni lina sababu zake, na Kukhu alizijua zote. Ama wenye nyumba wamesafiri, ama hawana chakula, ama mke amekataa kupika. Kusafiri hatukusafiri, alikuwa akituona. Njaa haingeweza kuingia kwa mtu wa ofisi aliyepewa likizo kwa sifa. Ikabaki sababu ya tatu. Isitoshe, alimwona mwanawe akizunguka boma kutwa nzima kama mtu asiyetakiwa ndani. Kukhu alifikiri vizuri kabisa. Sisi ndio tuliomdanganya tangu mwanzo.

Na mke kukataa kupika si jambo dogo kwa Waluhya. Mwanamke anaweza kugomba, anaweza hata kwenda kwao siku mbili tatu, watu wakacheka. Lakini akizima moto wake ilhali yumo nyumbani, hapo amewaambia watu wote kwamba ndoa imefika ukingoni, na ukoo hauna budi kuja kusikiliza.

Kukhu alinikuta kijitoni nikiteka maji.

"Mama yenu bado anapikanga?" akauliza.

"Anapika sana, Kukhu."

"Anapika wapi? Mimi sionangi moto."

Nilikuwa na haraka, kama kawaida yangu, na ndoo ilikuwa imekwisha kujaa. "Kapuni," nikasema.

Alinitazama kwa huruma nisiyoweza kuisahau. Akanishika kidevu. "Woi, mtoto wa watu," akasema. "Mpaka wewe wamekufundisha urongo."

Siku ya Jumamosi tukapata habari kwamba baba mkubwa na baba mdogo watakuja kesho yake baada ya kanisa, pamoja na Kukhu, kusikiliza maneno. Aliyetuletea habari hakusema ni maneno gani, ila alimtazama mama chini juu, akaondoka bila kunywa maji. Mama akaelewa. Alimwita baba nyuma ya jiko, nami nikapata kazi ya ghafla ya kuanua nguo karibu na hapo.

"Wanakuja kunihukumu," mama akasema. "Wanasema nimekunyima chakula."

"Ni upuuzi."

"Basi waambie kwa nini hatuwashi moto. Waambie ni kwa sababu hakuna mshahara."

Baba alikwenda hatua nne, akarudi hatua nne. "Mdogo wangu amebakiza muhula mmoja tu. Akijua, ataacha shule kesho. Na mama..."

"Na mimi?" mama akauliza. "Nimekula viporo vya kapuni miezi yote hii kukufichia siri. Nimevumilia. Lakini jina la mwanamke aliyemzimia mumewe moto, hilo sitalibeba. Watoto wangu wa kike wataolewa na nani?"

"Nitaona kesho," baba akasema, akaendelea kutembea. Nilimsikia akitembea hivyo mpaka giza likaingia.

Jumapili asubuhi mama alichinja jogoo. Hakuwa na sababu ya kuwapikia watu wanaokuja kumshtaki, lakini mashemeji ni mashemeji, na huwezi kumpa shemeji kunde. Alimchemsha kwa moto ule ule wa alfajiri, akamtia kapuni, akafunga. Nikamwambia safari hii awashe moto mkubwa jioni yote, moshi ufike hata Shirere, na maneno yaishe. Akakataa. "Kuni za kuwasha kwa ajili ya macho ya watu sina," akasema. Alikuwa amekasirika sana, na alipokasirika alikuwa mtulivu kuliko sote.

Walifika saa tisa. Baba mkubwa alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo. Kabla ya kuketi, alikwenda jikoni moja kwa moja, akainama, akaweka kiganja juu ya mafiga. Akarudi sebuleni akipangusa mkono.

"Baridi," akawaambia wenzake. "Kama ya mtu aliyehama."

Kukhu alitikisa kichwa. Baba mdogo, kijana wa miaka ishirini na mbili, alitazama viatu vyake, na ilionekana hakupenda kuwa pale. Baba aliketi, akasimama, akafungua dirisha lililokuwa wazi, akaketi tena.

"Mimi sina ubaya na mtu," Kukhu akaanza. "Lakini siku nyingi sasa jioni natazama hapa, sionangi moshi. Nikasema labda ni macho yangu. Nikamwita jirani, naye akasema hakuna. Mwanangu anazungukazunguka huko nje kama ng'ombe aliyekatikiwa kamba. Sasa nimeita ndugu zake, tusikie."

Baba mkubwa akamgeukia mama, aliyekuwa ameketi juu ya mkeka karibu na mlango. "Mulamwa," akasema, maana ndivyo shemeji wanavyoitana kwetu, "huyu amekukosea nini, hata ukamnyima moto?"

Mama akageuka. Alimtazama baba. Sote tukamtazama baba. Yeye alikuwa akitazama paa.

"Hajanikosea," mama akasema mwishowe.

"Kama hajakukosea, basi kosa ni lako. Utatoa kuku, umwombe mama yetu msamaha, na leo hii moto uwake tukiona."

Baba alifungua kinywa. Nikasubiri. Alikifunga. Sikumbuki kuamua lolote, nakumbuka tu kwamba miguu ilikuwa imekwisha kunitoa pale. Nilikimbia jikoni, nikalibeba lile kapu, nikaliweka katikati ya sebule, mbele ya magoti ya baba mkubwa, nikalifungua. Mvuke ukapanda, na harufu ya jogoo ikajaa nyumba.

"Anapika!" nikapiga kelele. "Anapika kila siku! Humu ndani!"

Katika hali ya kawaida ningepata kofi. Lakini baba mkubwa alikuwa ameshangaa mno. Alitia mkono kapuni, akaunguzwa, akautoa. Akapapasa chini ya blanketi akitafuta makaa. Kukhu aliinama, akachovya kidole kwenye mchuzi, akaonja.

"Umeiva," akasema polepole. "Umeiva bila moto?"

Mama akaeleza, kwa maneno machache. Baba mkubwa alianza kucheka, akacheka mpaka kiti kikalia. Nilidhani tumeokoka. Kisha akajipangusa macho, akauliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza.

"Sasa mulamwa, mke wa mtu wa serikali anaficha moto wa nini? Mshahara hautoshi kuni?"

Kicheko kikaisha. Mama alimtazama baba tena, na safari hii hakumtazama kwa muda mrefu.

"Mshahara unatosha," akasema. "Ni mimi tu. Napenda kubana."

"Mchoyo!" baba mkubwa akasema kwa furaha. "Mama, hakuna ugomvi hapa. Ulimwoza mtoto wako kwa mchoyo, basi."

Nao wakacheka, hata Kukhu akacheka, kwa sababu mchoyo ni afadhali kuliko mgomvi. Mama naye akatabasamu, akainuka kuleta maji ya kunawa. Nilitaka kumrushia mtu kitu, na mtu huyo alikuwa baba.

Kuku akapakuliwa. Kwetu kuku hagawiwi ovyo, kila kipande kina mwenyewe. Imondo, yaani firigisi, ni ya mwenye boma, na hakuna mwingine anayeigusa. Zamani wanawake hawakula kuku kabisa, na hata siku zile tulipokuwa tukila, sijawahi kumwona mwanamke akitafuna imondo. Kukhu mwenyewe, aliyepika kuku tangu alipoolewa, hakuwahi kuionja. Baba mkubwa akaichagua kwenye sufuria, akaiweka kwenye sahani ya baba. "Kula, mwenye nyumba," akasema. "Moto umepatikana."

Baba aliishika kwa vidole. Kisha akasimama, akavuka sebule, akampita mama yake, akawapita ndugu zake, mpaka mlangoni alipokuwa mama ameshika birika la maji. Akamnyooshea.

"Kula," akasema.

"Hiyo ni yako," mama akanong'ona. "Usifanye hivyo mbele ya watu."

"Mwenye nyumba hii ni wewe." Akawageukia ndugu zake. "Mimi sina kazi. Niliachishwa. Huyu ndiye ametulisha miezi yote hii, na leo mmemwita mchoyo nikiwa nimeketi hapa."

Baba mdogo aliacha kutafuna. Nilimwona akihesabu kichwani muhula wake wa mwisho, na kilichoulipia, na uso wake ukabadilika rangi.

Mama aliweka birika chini. Akaipokea imondo, akauma. Sote tulimtazama akitafuna. Ilikuwa ngumu, kapu lilikuwa halijaishinda, na alitafuna muda mrefu, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

Kukhu alikuwa amekaza macho kwenye mdomo wa mama. Nilingoja alie, au alaani, au aulize habari za ofisi.

"Ikoje?" akauliza.

Mama alimeza. Alikwenda akapiga magoti mbele yake, akakichana kipande kilichobaki kwa kucha, akampa nusu. Kukhu akaipokea kwa mikono miwili, akaitia kinywani.